UYOGA WA LINGZHI: KUUOTESHA NYUMBANI NA KUUTUMIA KWA HADHARI

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki huuzwa kahawa iliyochanganywa na unga wa uyoga uitwao lingzhi kwa Kichina, reishi kwa Kijapani, na Ganoderma kwa lugha ya wataalamu. Bei ya pakiti moja ya kahawa hiyo, ikipigiwa hesabu kwa kilo, huzidi mara nyingi fedha anazopata mkulima wa kahawa katika malipo yake yote, ya kwanza na ya pili yakijumlishwa. Si ajabu, basi, mwanachama akiuliza kama uyoga huo hauwezi kuoteshwa nyumbani kwake, na kama chama chake hakiwezi kuuza kinachovunwa.

Kuoteshwa unaweza, na kazi yenyewe si ngeni sana kwa aliyewahi kulima uyoga wa mamama. Penye mashaka ni katika matumizi na mauzo. Hapo ndipo katibu anapopaswa kuwa macho, kwani jina la chama likiandikwa juu ya dawa isiyothibitishwa, anayeumia ni mgonjwa na anayeulizwa ni chama.

Uyoga huu huota juu ya magogo na visiki. Si chakula. Ni mgumu kama ubao, rangi yake ni kahawia yenye wekundu, na juu hung'aa kana kwamba umepakwa vanishi. Kitabu cha kale cha dawa za Kichina, Shennong Bencao Jing, kimetaja aina sita za uyoga wa namna hiyo kwa rangi zake, na tabibu Li Shizhen aliueleza tena katika kitabu chake kikubwa kilichochapwa mwaka 1596. Kwa karne nyingi ulikuwa adimu, ukawa kitu cha wakubwa. Kilimo chake cha kutumia magogo na maranda kilipoenea Japani na China katika nusu ya pili ya karne ya 20, ndipo uliposhuka hadi kwenye pakiti za kahawa.

Kuhusu jina, kuna jambo la kuzingatiwa. Uyoga unaolimwa China ulizoeleka kuitwa Ganoderma lucidum, jina la uyoga wa Ulaya. Mwaka 2012 wataalamu wa China walieleza kwamba ule wa kwao ni aina nyingine, wakaupa jina Ganoderma lingzhi. Tanzania nayo ina jamaa wengi wa ukoo huu katika misitu na mashamba yake. Mwanachama akiona uyoga mgumu unaong'aa kwenye kisiki cha mwembe, asidhani kuwa ameokota dawa ile ile iliyoandikwa na Wachina. Kinachofaa ni kununua mbegu kwa mzalishaji anayeandika jina kamili la aina, na katibu aihifadhi stakabadhi yake.

Mbegu hupandwa katika maranda ya miti ya majani mapana, kama mwembe au mparachichi. Maranda ya msonobari hayafai. Yaliyo mabaya kuliko yote ni maranda ya mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, kwa sababu dawa hizo huwa na madini ya sumu, na uyoga una tabia ya kuyafyonza. Mwenye kiwanda cha mbao aulizwe kwanza. Mchanganyiko unaozoeleka ni kilo 80 za maranda makavu, kilo 18 hadi 20 za pumba za mpunga au ngano, na kilo 1 ya jasi au chokaa. Maji huongezwa kidogo kidogo mpaka mchanganyiko ukikamuliwa kwa nguvu utoe matone machache tu kati ya vidole. Kisha hujazwa katika mifuko inayostahimili joto, yenye ujazo wa kilo 1 hivi, na mdomo wa kila mfuko huzibwa kwa pamba.

Sasa huja kazi ya kuchemsha kwa mvuke, na wengi huharibikiwa hapa. Mkulima wa mamama amezoea kuloweka majani makavu katika maji ya moto kwa muda mfupi na kufanikiwa. Maranda yenye pumba hayakubali njia hiyo ya mkato: pumba ni chakula cha kila kuvu, na zisipopikwa barabara, kuvu ya kijani hutangulia kula kabla ya mbegu kuamka. Mwenye chombo cha kupikia kwa mgandamizo wa mvuke hutumia nyuzi 121 za Selsiasi kwa muda wa saa moja na nusu hadi mbili. Asiye nacho hutumia pipa la lita 200, lenye maji chini na chanja ya kubebea mifuko juu yake. Hesabu ya saa huanza mvuke unapotoka kwa nguvu, wala si moto unapowashwa, na isipungue saa nane. Kuni za saa nane si kidogo. Kwa hiyo kila nyumba kuwa na pipa lake ni hasara tupu. Afadhali wanachama kumi wachemshe siku moja katika pipa moja la chama, kisha kila mmoja achukue mifuko yake nyumbani.

Mifuko ikishapoa kabisa, mbegu hutiwa katika chumba kisicho na upepo, mikono na vyombo vikiwa vimesafishwa kwa spiriti. Huwekwa gizani kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30, na baada ya majuma matatu au manne utando mweupe huwa umeenea mfuko mzima. Mfuko wowote wenye doa la kijani uondolewe mara moja na kupelekwa mbali. Kuusubiri kwa huruma ni kuambukiza mingine. Kisha mdomo hufunguliwa, chumba hupewa mwanga kidogo na unyevu mwingi kwa kunyunyizia maji sakafuni na kutani. Hewa ikiwa nzito, uyoga hurefuka na kupasuka kama pembe za paa. Hewa safi ikiingia, hutanua kofia. Penye baridi, kama Njombe au Lushoto, utazubaa. Joto la Tanga na Morogoro huufaa zaidi.

Ukingo wa kofia huwa mweupe wakati uyoga unakua. Weupe huo ukiisha, na vumbi la kahawia likaanza kutua juu yake, ni wakati wa kuvuna. Mvunaji afunike pua na mdomo, kwani vumbi hilo huwasumbua wenye pumu. Uyoga ukatwe vipande vyembamba siku hiyo hiyo, kwa maana ukikauka mzima hautakatika ila kwa msumeno. Hukaushwa hadi vipande vivunjike kwa mlio, na uzito uliobaki huwa karibu theluthi moja ya ule wa awali.

Namna ya kuutumia kwa desturi ya Kichina ni kuchemsha vipande vikavu kwa moto mdogo kwa saa moja au mbili na kunywa maji yake, ambayo ni machungu sana. Kipimo kilichowekwa na kitabu rasmi cha dawa cha China ni gramu 6 hadi 12 kwa siku. Vipimwe kwa mizani. Kiganja si kipimo.

Je, unaponya nini? Mwaka 2012 kundi la kimataifa la wachunguzi liitwalo Cochrane lilikusanya majaribio matano yenye wagonjwa 373 wa saratani. Halikuona ushahidi wa kutosha wa kuufanya uyoga huu kuwa tiba ya kwanza ya saratani, ingawa lilikubali kwamba unaweza kuandamana na tiba ya hospitali. Mwaka 2015 lilitazama majaribio mengine matano yenye watu 398, wengi wao wenye kisukari, na halikupata ushahidi wa kuunga mkono matumizi yake katika kupunguza hatari za ugonjwa wa moyo. Hizo ndizo habari ambazo muuzaji wa kahawa hazitaji.

Madhara nayo yapo. Mwaka 2007 madaktari wa Thailand waliandika habari za mgonjwa aliyekufa kwa kuharibika ini baada ya kutumia unga wa uyoga huu. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kama vile warfarini, asiuguse, na vivyo hivyo anayesubiri kupasuliwa. Mwenye dawa za shinikizo la damu au kisukari amwone daktari kwanza, maana viwili vikikutana shinikizo au sukari yaweza kushuka kupita kiasi. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wasipewe. Hatari iliyo kubwa kuliko zote haimo ndani ya uyoga wenyewe: ni mgonjwa kuacha vidonge vya hospitali, viwe vya kisukari, vya saratani au vya kufubaza virusi vya UKIMWI, kwa sababu jirani yake amemwambia kwamba chai hii yatosha.

Katibu anayeletewa shauri la kuuza atazame kwanza masharti ya chama kama yanaruhusu biashara hiyo, na ikibidi alipeleke kwenye mkutano mkuu. Nchini Tanzania, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Bila usajili huo, neno "hutibu" lisionekane kwenye pakiti wala kwenye tangazo la mnadani. Mzigo wa kila mwanachama upewe namba, na daftari lioneshe tarehe ya kuvuna, mahali maranda yalikotoka, uzito baada ya kukauka, na jina la aliyepokea. Sampuli ya kila mzigo ibaki stoo katika chupa kavu yenye namba ile ile, ili malalamiko yakija kiwepo kitu cha kumpelekea mpimaji.