Jeraha Dogo: Linavyopona na Jinsi ya Kupunguza Kovu

Kisu kikikukata ukimenya viazi, au mtoto akichubuka goti, usikimbilie majivu, dawa ya meno, mafuta ya taa wala unga wa kapsuli. Vitu hivi huunguza nyama au huingiza vijidudu, na jeraha linalochelewa kupona huacha kovu kubwa zaidi.

Ngozi inavyojitibu

Mchubuko unaoishia tabaka la juu la ngozi kwa kawaida hupona bila kovu. Jeraha likifika tabaka la chini yake, mwili huliziba kwa nyuzi za protini iitwayo kolajeni, na hapo ndipo kovu hutokea.

Kwanza damu huganda. Kwa siku chache mahali hapo huvimba kidogo na kupata joto, kwani chembe nyeupe za damu zinapambana na vijidudu. Kisha nyama mpya hujaa, kazi ya wiki kadhaa. Baada ya hapo kovu huendelea kulainika na kufifia kwa mwaka mmoja au zaidi, ingawa ngozi hiyo hairudishi nguvu zake zote za awali.

La kufanya

Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia. Lioshe kwa maji safi yanayotiririka. Sabuni itumie pembeni. Paka mafuta ya mgando kidogo kutoka kopo safi, funika kwa plasta, na ubadilishe kila siku au ikilowa.

Wengi huamini kidonda kinapaswa kupigwa upepo kikauke. Mwaka 1962, mtafiti George Winter wa Uingereza alionyesha, kwa majaribio ya nguruwe, kwamba ngozi hujifunika upesi zaidi jeraha likihifadhiwa na unyevu. Kigaga kikitokea, usikibandue. Kukibandua ni kufungua jeraha upya.

Jeraha likishafunga, likinge na jua ili doa lisikolee. Kovu likivimba na kuvuka mipaka ya jeraha, hiyo ni keloidi, ambayo huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, hasa masikioni, kifuani na mabegani. Usikubali ikatwe tu bila matibabu mengine, kwani mara nyingi hurudi, pengine kubwa zaidi. Kama ipo katika ukoo wenu, fikiri vizuri kabla ya kutoga masikio.

Nenda kituo cha afya

Nenda mapema ikiwa damu haikomi, jeraha limeachama, limechomwa na msumari au limeingia udongo na huna hakika na chanjo yako ya pepopunda. Nenda pia ukiona usaha, uvimbe unaosambaa au homa. Mwenye kisukari asisubiri dalili hizo, hasa jeraha likiwa mguuni.

Ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda siku hiyohiyo ukapimiwe haja ya chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama jeraha ni mkwaruzo tu.