Swali Lililokosea Dirisha

Chukulia kwamba mtumiaji amenunua umeme wa LUKU kwa simu saa tatu usiku. Fedha zimekatwa, ujumbe wa muamala umefika, lakini tokeni ya tarakimu 20 ya kuingiza kwenye mita haijaja. Anapiga 100, namba ya huduma kwa wateja ya mitandao ya simu nchini, na kujibiwa: "Hilo si letu, wasiliana na TANESCO." Anawasiliana na TANESCO, nao wanamwelekeza arudi kwenye mtandao wake. Nyumba iko gizani na samaki waliomo kwenye jokofu wameanza kuyeyuka barafu.

Majibu hayo mawili si ya uongo. Kampuni ya simu haizalishi umeme, na TANESCO haiendeshi mfumo wa fedha wa kampuni ya simu. Hata hivyo, mtumiaji hakutendewa haki. Mhudumu wa kwanza alikuwa na uwezo wa kuona kama fedha zimetoka, zimetoka saa ngapi, zina namba gani ya kumbukumbu, na kama malipo yamekabidhiwa kwa mlipwaji. Nusu ya swali ilikuwa yake kabisa. Aliikataa pamoja na nusu isiyo yake kwa sababu alisikia neno "umeme" akaacha kusikiliza.

Ni vyema kueleza kwa nini maswali hukosea dirisha, kwa kuwa lawama hii huangushiwa mtumiaji pasipo haki. Simu ya mkononi imekuwa kaunta ya kila jambo, ilhali usimamizi umegawanyika. Sheria ya mwaka 2003 iliikabidhi Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) mawasiliano ya kielektroniki, utangazaji na posta. Miamala ya fedha kwa simu iko chini ya Benki Kuu ya Tanzania, kwa mujibu wa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015. Umeme na maji husimamiwa na EWURA. Tokeo moja la usiku mmoja linaweza kugusa taasisi zote tatu. Isitoshe, tangu Machi 2017 mteja anaweza kuhama mtandao bila kubadili namba, hivyo hata tarakimu za mwanzo za namba ya simu hazithibitishi tena ni ya mtandao upi. Mtu mwenye shughuli zake hawezi kutarajiwa kuijua mipaka hii kwa moyo.

Jibu la haki kwa swali la namna hii si refu. Mhudumu husikiliza hadi mwisho, hujibu sehemu iliyo yake, kisha husema wazi sehemu iliyobaki ni ya nani na mteja aende na nini mkononi. Kwa mfano: "Fedha zako zimetoka saa 3:05 usiku na zimepokelewa upande wa TANESCO. Namba ya kumbukumbu ni hii. Tokeni hutolewa na wao. Wape namba hii pamoja na namba ya mita." Mteja bado yuko gizani, lakini sasa ana njia.

Haki haimaanishi kujibu kila kitu. Mhudumu anayekisia mambo ya mfumo asioujua huleta hasara: akimwambia mteja "jaribu kulipa tena", mteja anaweza kujikuta amelipa mara mbili. Kukataa kwa adabu na kwa maelezo ni bora kuliko msaada wa kubahatisha. Linalotakiwa ni kipimo kimoja kwa wote. Anayefoka asipewe maelezo kamili huku mzee anayeuliza kwa upole akikatiwa simu.

Hatari kubwa zaidi huja baada ya simu kukatwa. Mteja aliyefukuzwa madirisha mawili huanza kutafuta msaada popote, na matapeli hulijua hilo. Atajitokeza mtu anayejiita mhudumu, mwenye lugha laini, akiomba namba ya siri "ili arudishe muamala". Mhudumu halali hahitaji namba yako ya siri kwa jambo lolote. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040, pamoja na namba iliyoutuma.

Kwa upande wako, anza kwa yaliyotokea kabla ya kulalamika: saa, kiasi, namba ya mita, namba ya muamala. Kisha uliza, "Sehemu ipi ya jambo hili ni yenu?" Swali hilo humfanya mhudumu agawanye tatizo badala ya kulisukuma lote. Omba namba ya malalamiko, andika jina la aliyekuhudumia, na usifute ujumbe wa muamala. Soma tena namba ya mita uliyoingiza, kwa kuwa tokeni hutengenezwa kwa mita moja tu. Tarakimu moja ikikosewa, umeme unaweza kuwa umeenda kwa jirani.

Mtoa huduma asipotatua, peleka kumbukumbu hizo kwa msimamizi wa sehemu iliyokwama: malipo kwa simu, Benki Kuu, umeme, EWURA, mtandao wenyewe, TCRA. Ukihitaji ushauri kuhusu huduma za mawasiliano kabla ya hapo, lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lililoanzishwa kwa sheria hiyo hiyo ya mwaka 2003. Ukifika dirisha lisilo lako katika ofisi yoyote kati ya hizo, usiondoke kabla hujaandikiwa jina la ofisi unayotakiwa kwenda.