Mdagu: Tazama Shina Kabla ya Ua

Wengi tunaujua mdagu kama waridi la jangwani, pambo la chungu. Lakini waridi si ndugu yake hata kidogo. Jenasi yake ni Adenium, familia ya Apocynaceae, pamoja na oleanda.

Mimi husema tuanze na shina, maana ndilo ghala la maji. Huvimba chini kama chupa. Kiangazi kikikaza, mmea hupukutisha majani, kwani maji mengi hupotelea huko, kisha huishi kwa akiba yake. Majani yakirudi hujikusanya kwenye ncha za matawi. Ua ni kama tarumbeta lenye petali tano, jekundu-waridi pembeni, jeupe kuelekea katikati. Matunda hukaa mawili mawili mfano wa pembe, na kila mbegu ina kishungi cha nywele kwenye ncha zote mbili ili upepo uibebe.

Utomvu wake nao si wa mchezo: una sumu inayovuruga mapigo ya moyo. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi huipaka kwenye mishale. Ukikata tawi, nawa mikono.

Sasa kesi iko hapa. Tawi ukilipandikiza huota, ila mara nyingi halitoi kitako kinene kama mche wa mbegu, na mche huo unataka miaka. Ndiyo maana wapo wanaong'oa midagu mikongwe porini. Ukiuziwa wenye shina nene lenye makovu, uliza: umetoka kitaluni au porini? Mimi nikikosa jibu, sinunui.