Juma Ikangaa na Hesabu ya Kilomita 42

Hebu tuulizane, wanafunzi wa Dodoma. Mwanafunzi wa sekondari akiambiwa ataje wanariadha, atataja Wakenya watatu na Waethiopia wawili kabla hajamkumbuka Mtanzania. Akikumbuka, atasema Filbert Bayi, basi. Wachache wanajua kwamba mtu aliyeweka rekodi katika marathoni ya New York alizaliwa hapa hapa kwetu Dodoma, mwaka 1957. Jina lake ni Juma Ikangaa, mwanajeshi wa JWTZ, mtu mfupi wala si pande la mtu. Leo tutamtumia yeye kujifunza jambo ambalo wengi wenu hulikosea wakati wa mchujo wa UMISSETA: namna mwili unavyotumia akiba yake.

Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Ukitoka Dodoma mjini kushika barabara ya Morogoro, umbali huo unaipita Buigiri. Tarehe 5 Novemba 1989, Ikangaa aliukimbia umbali huo mjini New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Gawanya mwenyewe. Ni dakika 3 na sekunde 2 kwa kila kilomita. Kwenye uwanja wa mita 400 ni mzunguko mmoja kwa sekunde 73 hivi, halafu unarudia mara 105 na nusu bila kupumzika! Rekodi hiyo ya New York ilikaa mpaka mwaka 2001.

Lakini kazi yake haikuwa ya ushindi mtupu, na hapo ndipo penye somo. Mwaka 1982, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Brisbane, alitangulia sehemu kubwa ya mbio, kisha akapitwa mwishoni na Robert de Castella wa Australia kwa sekunde 12. Akapata medali ya fedha. Mwaka 1983 huko Fukuoka, Japani, akawa wa pili nyuma ya Toshihiko Seko kwa sekunde 3. Alishinda Tokyo mwaka 1984 na tena mwaka 1986. Halafu ikaja Boston. Mwaka 1988 Ibrahim Hussein wa Kenya alimshinda kwa sekunde moja. Sekunde moja, baada ya saa mbili na zaidi za kukimbia! Mwaka 1989 akawa wa pili tena, nyuma ya Abebe Mekonnen wa Ethiopia. Mwaka 1990 wa pili kwa mara ya tatu, safari hii nyuma ya Gelindo Bordin wa Italia. Boston hakuwahi kushinda.

Ikangaa alipenda kukaa mbele tangu mwanzo. Mwaka 1990 yeye na wenzake waliondoka kwa kasi kubwa mno, Bordin akabaki nyuma akiitunza nguvu yake, akaja kuwapita baadaye. Kuna nini ndani ya mwili kinacholeta tofauti hiyo?

Chakula cha wanga, yaani ugali wa mtama au uwele, viazi, wali, kikishasagwa tumboni hugeuka sukari. Sehemu ya sukari hiyo huwekwa akiba kwenye misuli na kwenye ini, nayo huitwa glaikojeni. Akiba hii si kubwa. Kwa wakimbiaji wengi inaelekea kwisha kwenye kilomita ya 30 hivi. Mwili una mafuta pia, tena mengi hata kwa mtu mwembamba, ila mafuta huungua polepole. Ukienda taratibu unatumia mafuta mengi na sukari kidogo. Ukikimbia kwa fujo, sukari inateketea. Ikiisha, miguu inakuwa mizito kama magogo, na kupigiwa kelele na mashabiki hakusaidii kitu.

Sasa tazama mbio zenu. Mita 5,000 haimalizi glaikojeni ya mtu aliyekula vizuri, lakini ukianza mzunguko wa kwanza kama unafukuzwa na mbwa, misuli inakosa oksijeni ya kutosha na pumzi inakata mapema. Na je, aliyekuja bila kula? Sisi tunaopita mashuleni tunakutana na wengi ambao mara ya mwisho kula ilikuwa jana saa kumi na mbili jioni, kisha asubuhi mchakamchaka. Bakuli la uji wa mtama wenye karanga, saa mbili kabla ya mbio, ni dawa bora kuliko sindano zinazouzwa kwa siri.

Maji nayo yanahitaji akili. Hewa ya Dodoma ni kavu, jasho hukauka kabla hujaliona, ukadhani hutoki jasho. Angalia mkojo: ukiwa wa njano iliyokolea, umepungukiwa maji. Kunywa kidogo kidogo kutwa nzima, siyo kujaza tumbo kwa mkupuo mmoja. Mwenzako akianza kuyumba au kusema maneno yasiyoeleweka kwenye jua, mtoeni mbioni hapo hapo, mwekeni kivulini, mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea, huku mwingine anatafuta usafiri wa kwenda zahanati. Joto kali linaua.

Dada zangu, kwenu kuna la ziada. Oksijeni hubebwa na damu, na damu inahitaji madini ya chuma. Hedhi, malaria na minyoo ya safura vyote hupunguza damu. Maharage, majani ya kunde, dagaa na maini huirudisha, na limau au ubuyu humsaidia mlaji kukifyonza chuma hicho. Chai inyweni mbali na mlo. Ukichoka bila sababu, nenda kituo cha afya upime wingi wa damu. Na kama unafanya mazoezi mengi huku unakula kidogo, hedhi ikakatika na huna mimba, mwili unakuambia umepungukiwa chakula. Usione aibu kumweleza muuguzi. Ikangaa mwenyewe baadaye alikuwa miongoni mwa waliosukuma mashindano ya riadha ya wanawake ya Ladies First, yaliyoanza Dar es Salaam mwaka 2017.

Kuna anayeuliza, je, niache shule nikakimbie? Hesabu miaka. Kutoka Brisbane 1982 mpaka Olimpiki ya Barcelona 1992, alikomaliza wa 34, ni miaka 10. Muda huo wote alikuwa na kazi yake jeshini. Suleiman Nyambui, aliyepata medali ya fedha Moscow mwaka 1980, alikimbia huku akisoma chuo kikuu Marekani.

Zoezi: mkiwa wawili wawili, kimbieni mzunguko mmoja wa mita 400 kwa sekunde 73, kama mnaweza. Kisha pimeni mapigo ya moyo kwa vidole viwili kwenye kifundo cha mkono kwa sekunde 15, zidisheni mara 4. Pumzikeni dakika mbili, pimeni tena. Andikeni namba zote mbili, mrudie baada ya majuma sita ya mazoezi.