Kipima Unyevu na Zamu ya Maji

Katika skimu nyingi za umwagiliaji mkulima hufungulia maji kwa sababu zamu yake imefika, si kwa sababu mazao yameyahitaji. Akiiacha zamu ipite, hana hakika kama ijayo itakuta maji mferejini. Basi hujaza shamba hata kama udongo ungali umelowa, na aliye mwisho wa mfereji hukosa. Kadiri mvua zisivyotabirika, ndivyo hofu hiyo inavyozidi, na ugomvi vilevile.

Hasara humrudia mwenye shamba pia. Nitrati, ambayo mizizi huitegemea ili kupata naitrojeni, ina chaji hasi. Chembe za udongo wa mfinyanzi nazo kwa kawaida zina chaji hasi, na chaji za namna moja husukumana. Kwa hiyo nitrati haishikwi na udongo, bali hushuka pamoja na maji hadi mahali mizizi isipofika. Mkulima aonapo majani yamegeuka manjano hudhani ni kiu, akaongeza maji, na kumbe anaiosha mbolea iliyosalia.

Jicho halisaidii hapa, kwani udongo wa juu hukauka upesi huku wa chini ukiwa majimaji. Mwanasayansi Richard Stirzaker wa CSIRO, shirika la utafiti la Australia, pamoja na wenzake, walibuni chombo kiitwacho Chameleon, yaani kinyonga. Vipima vyake huzikwa katika vina mbalimbali, na taa huonyesha hali ya kila kina: buluu ni maji tele, kijani ni unyevu wa kutosha, nyekundu ni ukavu.

Ndani ya kipima mna elektrodi mbili katika kitu chenye vinyweleo, kilichozungukwa na jasi. Udongo ukaukapo huvuta maji kutoka humo, na ukinzani wa umeme hupanda. Jasi huyeyuka kidogo kidogo, ili chumvi ya shambani isidhaniwe kuwa unyevu. Izingatiwe kwamba kinachopimwa si wingi wa maji, bali nguvu ambayo udongo unayashikilia. Mfinyanzi waweza kuwa na maji mengi kuliko kichanga, na bado mmea ukanyauka humo. Buluu huishia karibu kilopaskali 20, na nyekundu huanza karibu 50, udongo uwe wa aina yoyote.

Kuanzia mwaka 2013 mradi uliogharimiwa na ACIAR ya Australia ulipeleka vyombo hivi katika skimu ya Kiwere, mkoani Iringa, ambako hulimwa nyanya, vitunguu na mahindi. Wakulima walioiona buluu siku nyingi baada ya kumwagilia walithubutu kuruka zamu. Umwagiliaji ukapungua, mavuno ya wengi yakaongezeka, na ugomvi wa maji ukatulia. Haikuwa kazi ya taa peke yake: wakulima walikutana pia kupanga ugavi wa maji, pembejeo na soko.

Shuleni kipima cha namna hii chaweza kutengenezwa kwa plasta ya Paris, ambayo ikishaganda huwa jasi. Simamisha misumari miwili isiyogusana ndani ya plasta mbichi, uache ikauke, kisha uzike kipande hicho katika kopo lenye mche wa maharagwe. Pima ukinzani kila asubuhi kwa omita, kwa sekunde chache tu, maana mkondo wa betri ukidumu huharibu kipimo. Andika ukinzani wa siku mche unapoanza kunyauka. Rudia kwa udongo wa kichanga, ulinganishe siku na ukinzani.