Nani Anamuuzia Mtoto Kilevi?



Mara nyingi tukizungumzia ulevi wa wanafunzi tunamnyooshea kidole kijana mwenyewe. Katika somo hili tunaomba tuwatazame watu wazima wanaomzunguka.

Sheria iko wazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 17, inakataza kumruhusu mtoto, yaani aliye chini ya miaka 18, kuwa baa au disko. Inakataza pia kumuuzia sigara, pombe au dawa za kulevya. Muuzaji akiwa na shaka na umri, anapaswa kuuliza. Tarehe 1 Machi 2017 Serikali ilipiga marufuku pombe za viroba, zilizouzwa kwa bei ndogo na kuenea mfukoni mwa sare ya shule. Viroba vilipigwa marufuku, lakini gongo ya kupimiwa kwa kikombe bado ipo, ingawa nayo ni haramu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu vijana wa mikoa ya Mwanza na Kilimanjaro ulionyesha kuwa wanafunzi wa sekondari walikunywa kidogo kuliko wenzao wa vyuo. Basi miaka ya sekondari ndiyo ya kuwahi. Samaki mkunje angali mbichi.

Kwenye mialo yetu dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mvulana anayesaidia kuvuta nyavu hupata fedha taslimu alfajiri, na gongo iko hatua chache kutoka mtumbwini. Akifika darasani, anasinzia.

Lipo jambo gumu zaidi. Mama anayepika gongo huenda ndiye anayenunua daftari na sare za watoto wake. Tukimshtaki bila kumwonyesha njia nyingine, watoto hao wataacha shule na kwenda mwaloni. Kwa hiyo tunapendekeza:

1. Tuanze nyumbani. Tusimtume mtoto kununua pombe, wala tusimwonjeshe kwenye sherehe za komunyo na kipaimara.

2. Kamati ikutane na viongozi wa mwalo, mtendaji wa kijiji na mwalimu mkuu, wakubaliane kwamba mwanafunzi hapewi kazi ya usiku.

3. Wapika gongo wakaribishwe katika vikundi vya kuweka na kukopa, wapate mtaji wa biashara halali. Hapa mchango wa mfadhili utasaidia kuliko mabango.

4. Mwanafunzi aliyekwisha kuzoea kilevi asikimbiliwe kufukuzwa. Mzazi na mwalimu wamsikilize, kisha wampeleke hospitali. Bugando ina wataalamu wa afya ya akili.

Maswali ya kujadili:

a) Katika kigango chetu, mtoto anapata wapi kilevi, na nani anamuuzia?

b) Ni familia zipi zinasomesha watoto kwa fedha ya gongo, nasi tunaweza kuzipa nini badala yake?

c) Nani kati yetu atakwenda kuonana na viongozi wa mwalo, na lini?

Tusifunge kikao kabla swali la mwisho halijapata jina na tarehe.