Anza na Mkuku: Kuunda Modeli ya Ndege-boti ya Empire

Anayeunda modeli ya ndege kwa mara ya kwanza hukimbilia mabawa. Ndiyo yanayopendeza, ndiyo yanayoonyesha haraka kwamba kazi imeanza kufanana na kitu. Kwa ndege-boti nakusihi ujizuie. Nenda kama anavyokwenda fundi wa jahazi: mkuku kwanza. Bawa lisiguswe mpaka tumbo limenyooka na kukaa sawa, kwa sababu ndege-boti si ndege iliyovalishwa maboya miguuni. Kiwiliwili chake chenyewe ndicho chombo kinachokaa majini, na tumbo likikosewa hakuna rangi wala herufi itakayokuokoa.

Ndege ninayoizungumzia ni Short S.23, iliyojulikana zaidi kwa jina la Empire. Ilibuniwa na Arthur Gouge katika kiwanda cha Short Brothers, Rochester, na ya kwanza, Canopus, iliruka Julai 1936. Shirika la ndege la Imperial Airways liliagiza 28 kwa mpigo. Kuanzia Juni 1937 zilibeba abiria na barua kutoka Southampton hadi Durban: zikifuata Mto Nile kwenda kusini, zikitua Port Bell na Kisumu, kisha Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, na kuendelea Msumbiji. Maji yetu yalikuwa viwanja vyake. Leo hakuna Empire hata moja iliyobaki nzima popote duniani, na ndiyo maana naona kazi hii ina uzito. Huwezi kwenda kuitazama. Ukitaka kuiona kwa pande zote, huna budi kuiunda.

Chagua ndege moja yenye jina, siyo “Empire” tu. Canopus ina herufi G-ADHL, Corsair ina G-ADVB. Ukishachagua, chagua na picha moja ya kuifuata, kwa kuwa ndege hizi zilibadilishwa hapa na pale kadiri miaka ilivyokwenda, na ukichanganya picha za vipindi viwili utapata ndege ambayo haijawahi kuwako.

Sasa vipimo. Ndege halisi ilikuwa na upana wa mita 34.75 kutoka ncha ya bawa hadi ncha, na urefu wa mita 26.82. Kwa skeli ya 1:72 upana unakuwa sentimita 48.3 na urefu 37.3. Skeli hiyo ndiyo ninayoipendekeza. Ya 1:144 inakaa vizuri kwenye rafu lakini madirisha yanakuwa madogo mno kwa mkono usiozoea, na ya 1:48 inafika sentimita 72, inataka meza ya kwake yenyewe.

Tafuta mchoro wenye sura tatu: wa ubavuni, wa juu na wa mbele, na kama utaupata wenye mikato ya kiwiliwili, uushike kama dhahabu. Pima upana wa mabawa kwenye karatasi. Tuseme umepata milimita 193. Unahitaji 483, basi fotokopi ikuzwe kwa asilimia 250. Kama mashine haizidi 200 kwa mara moja, kuza kwa 200 kisha nakala hiyo uikuze kwa 125. Kabla ya kuondoka dukani, pima tena upana na urefu, vyote viwili. Fotokopi huweza kuvuta karatasi upande mmoja zaidi ya mwingine, na ukigundua hilo nyumbani umeshachelewa.

Mkuku naukata kwenye plaiwudi ya milimita 3, au ule ubao mwepesi wa plastiki ambao mafundi wa mabango hubaki na vipande vyake na mara nyingi huvitoa kwa bei ndogo. Siyo fito nyembamba. Ni umbo zima la ubavu, kuanzia pua hadi mzizi wa mkia, likiwa limesimama wima katikati ya chombo. Juu yake chora mstari wa maji, ulionyooka kabisa. Mstari huo ndio utakaopima kila kitu kuanzia sasa.

Halafu mataruma, yaani mbavu za chombo. Kila taruma linakatwa nusu mbili, ya kushoto na ya kulia, na kila nusu ina alama yake ya mstari wa maji inayokutana na ile ya mkuku. Katikati ya kiwiliwili, ambako pande zimesimama kama ukuta, nafasi ya milimita 25 kati ya taruma na taruma inatosha. Kuelekea puani, ambako umbo linageuka kwa haraka, yasogeze hadi milimita 10 au 12.

Hapa kuna kosa linaloharibu modeli nyingi kimyakimya. Mchoro unakuonyesha umbo la nje, lakini taruma liko ndani ya ngozi. Kama ngozi yako ina unene wa milimita 1, taruma lipunguzwe milimita 1 kuzunguka pande zote, na ubavu wa chini wa mkuku vilevile. Usipopunguza, ndege itanenepa milimita 2 kwa upana, ambayo kwa 1:72 ni sentimita zaidi ya 14 kwenye ndege halisi. Kupima unene wa ngozi bila chombo maalumu ni rahisi: panga vipande kumi, vibane, pima kwa rula, gawanya kwa kumi.

Kugundisha mataruma ni kazi ya uvumilivu. Kiwiliwili changu cha kwanza kilipinda kama ndizi. Nilimaliza upande wa kushoto wote jioni moja, mataruma na ngozi, nikaenda kulala nikiwa nimeridhika. Asubuhi gundi ilikuwa imekauka, imejivuta, na mkuku umefuata. Hakikunyooka tena, nikakitupa. Tangu hapo nagundisha taruma moja kushoto na mwenzake kulia, nageuza, naendelea, na chini ya kazi nimelaza kioo cha dirisha, kwa sababu meza ya mbao hujipinda bila wewe kujua. Gundi nyeupe ya mbao inafaa zaidi kuliko gundi ya supa hapa: inakupa dakika za kusahihisha.

Kabla ya kufunika, kata tundu la boriti ya mabawa. Boriti hiyo ni ufito mmoja mgumu unaopita kiwiliwilini kutoka bawa hadi bawa. Ukiugawa vipande viwili, utapigana na mabawa yasiyolingana mpaka mwisho. Na kabla ya kufunika pia, paka rangi ya ndani ambako madirisha yataonyesha.

Ngozi ya ubavuni ni zawadi kutoka kwa Gouge. Alifanya kiwiliwili kirefu kwenda juu chenye pande zilizonyooka, kikatosha kuwa na deki mbili: abiria chini, wafanyakazi na barua juu. Kwako maana yake ni kwamba shiti moja ya plastiki, au manila tabaka mbili zilizolishwa vanishi, inalala ubavuni karibu bila kujipinda. Toboa madirisha ingali shiti bapa mezani, kwa keekee ndogo kwenye pembe na kisu kikali katikati. Pua haikubali shiti. Jaza nafasi kati ya mataruma kwa vipande vya mbao laini, msufi kwa mfano, kisha chonga na upige msasa hadi kingo za mataruma zianze kuonekana. Zikionekana, acha: umefika.

Sasa tumbo, ambalo ndilo ndege yenyewe.

Chukua kijiko, kishike kilegevu chini ya bomba linalotiririka, mgongo wake ukigusa maji. Utahisi kinavutwa kuingia ndani ya mkondo. Maji hupenda kung'ang'ania kitu kilichopinda. Empire ilipaa na uzito wa tani 18 hivi, na kama tumbo lake lingekuwa laini kutoka pua hadi mkia, maji yangelishika hivyohivyo na lisingebanduka. Ndiyo maana likakatwa kidato. Pale chini ya bawa, tumbo linakatika ghafla na kuanza tena juu kidogo. Hewa inaingia kwenye mwanya ule, maji yanaachia, na chombo kinateleza juu ya maji badala ya kuyapasua. Nyuma kuna kidato cha pili, ambako chini ya kiwiliwili kunajikusanya kuelekea mkia.

Ukilijua hilo, unajua pia namna ya kuliunda. Usifunike tumbo kwa shiti moja kisha ukajaribu kuchimba vidato. Funika kwa sehemu tatu: pua hadi kidato cha kwanza, kidato cha kwanza hadi cha pili, na cha pili kwenda mkiani. Kila sehemu ianze na kuishia kwenye taruma lake. Ukingo ambapo ubavu unakutana na tumbo lazima ubaki mkali, maana ndege halisi iliutumia kuyarusha maji nje yasipige propela. Msasa ndio adui wake. Mikono hupenda kulainisha, na dakika mbili za msasa wa namba 240 zinageuza ukingo huo kuwa mviringo. Mimi hubandika teipu ya karatasi kando yake kabla ya kusugua, na teipu ikianza kuchanika najua nimekaribia mno.

Mabawa, baada ya hayo, ni mapumziko. Mbao laini ya paini, iliyochongwa kwa kufuata kigezo cha kadi kwenye mzizi, katikati na nchani, inatosha. Kumbuka tu kwamba yanakaa juu kabisa ya kiwiliwili, ili injini ziwe mbali na maji.

Injini ni nne, Bristol Pegasus, kila moja na silinda 9 zilizopangwa kama miali ya jua. Kipenyo chake halisi ni karibu mita 1.4, kwa hiyo kwako ni milimita 19.5, na kifuniko kinazidi kidogo. Usichonge vifuniko vinne, havitafanana kamwe. Chonga kimoja cha mbao, kilainishe, kisha pasha moto kipande cha plastiki nyembamba hadi kilegee na ukisukume juu ya umbo lile. Fanya kumi, chagua vinne bora. Silinda natengeneza kwa kijiti cha mshikaki nilichokizungushia uzi mwembamba wa kushonea, mzunguko kando ya mzunguko, na kulisha gundi. Ukikikata vipande, uzi unasoma kama mapezi ya kupoozea. Ni silinda 36. Zifanye kwa siku nne, injini moja kwa siku, maana uchovu unaonekana.

Maboya mawili ya chini ya mabawa yanafanya kazi ileile ya mbao za pembeni za ngalawa: yanazuia chombo kisilale ubavu. Yanashikwa na nguzo na nyaya. Kwa nyaya natumia mshipi mwembamba wa kuvulia, unaokazwa baada ya kupakwa rangi. Vioo vya madirisha nakata kwenye plastiki angavu ya jalada la faili na kugundisha kwa gundi nyeupe. Gundi ya supa hutoa moshi unaoacha ukungu kwenye plastiki angavu, na ukungu huo hautoki.

Rangi ni fedha kote, na fedha haisamehe. Mkwaruzo usiouona kwenye plastiki nyeupe utauona chini ya fedha kutoka mlangoni. Piga praima ya kijivu, itazame kwa mwanga wa pembeni, jaza mabonde kwa fila ya mafundi wa bodi za magari, sugua kwa namba 400 kisha 600 ukiwa na maji, piga tena. Mimi nilirudia mara tano. Anayeishi pwani asipulizie siku ya mvua au usiku wenye unyevu. Rangi hufifia na kuwa na weupe. Saa nne asubuhi, siku kavu, ndani ya chumba kisicho na upepo. Herufi nyeusi za usajili zinakuja mwisho, zikipimwa kutoka mstari wa maji ule ule uliouchora siku ya kwanza.

Inabaki namna ya kuisimamisha, maana haina magurudumu yake. Ilipotolewa majini ilifungiwa magurudumu ya muda na kuvutwa nchi kavu; unaweza kuyaunda hayo. Au iweke majini: ubao uliopakwa bluu na kijani, jeli angavu ya akriliki iliyopigwa brashi kuwa mawimbi madogo, na tumbo likizama hadi mstari wa maji.

Lakini ile ninayoiunda sasa ni Corsair. Machi 1939 ilipotea njia baada ya kutoka Port Bell, mafuta yakakaribia kuisha, ikatua kwenye Mto Dangu karibu na Faradje, Kongo ya Wabelgiji, na mwamba ukaitoboa. Mafundi waliishi pale miezi mingi wakiitengeneza, na mto ukajengewa bwawa ili maji yapande vya kutosha kuirushia. Ikaruka Januari 1940. Kwa hiyo ubao wangu hauna bahari. Una maji ya kahawia, ukingo wa udongo mwekundu, na ndege iliyofungwa kamba kwenye miti. Tumbo lake nimeliundia kiraka, shiti ya milimita 0.25 yenye misumari ya nukta za gundi nyeupe, mbele ya kidato cha kwanza, ingawa kikishazama majini hakuna atakayekiona.